Unga kwenye Midomo ya Lumbu

Hakuna mtu aliyeniomba niandike maisha ya Mama Mwadi. Kanisa letu la mtaa wa reli, hapa Kamina, linajiandaa kutimiza miaka hamsini, na Dany, mwalimu wa shule ambaye ndiye mwandishi wa kanisa, amepewa kazi ya kukusanya maisha ya waumini kumi na wawili yasomwe siku ya sherehe. Jina langu ni la pili kwenye orodha: Kyungu Ambroise, mzee wa kanisa, kiongozi wa maombi ya Jumatano. Jina la Mwadi halimo, na aliyefanya lisiwemo ni mimi. Basi ya kwangu Dany atajaza mwenyewe, tarehe zote anazo. Mimi nimekaa hapa barazani na daftari kuandika ya yule mwanamke, na naomba mtu asinisumbue. Nayajua kuliko yeyote. Ukimwonea mtu wivu miaka mitatu, unamjua hadi anavyofunga kitambaa chake cha kichwa.

Baba yake alitoka Kasai kuja kutandika reli, akapata kazi ya kudumu ya fundi wa njia, akamzaa Mwadi hapa hapa, katika nyumba za matofali nyuma ya stesheni. Mwadi aliolewa na Kalonji, mlinzi wa kivuko, yule anayeshusha mti barabarani ili treni ipite salama. Kalonji alikuwa mtu mwema ila usingizi ulimpenda. Mimi wakati ule nilikuwa naibu mkuu wa stesheni. Kila treni ilipotoka nilipiga simu kivukoni, na sauti iliyojibu "nimesikia, nafunga" ilikuwa ya mwanamke. Miaka sita nilizungumza na ile sauti. Hata siku moja sikuandika kitabuni kwamba anayefunga barabara ni Mwadi, mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Mwenye kazi alikuwa Kalonji, na jina lililoandikwa lilikuwa la Kalonji.

Mwaka wa tisini na tatu, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu, walijaa kwenye stesheni majuma mengi, wamekaa juu ya magodoro na masufuria yao, wakingoja behewa la kuwapeleka kwa babu ambao wengi wao hawakuwajua. Mwadi alipanda na Kalonji na watoto watatu. Baada ya miaka minane alirudi na mtoto mmoja. Kalonji alikuwa amezikwa Mwene-Ditu. Wale watoto wawili, hakuna aliyemuuliza habari zao, na nisijifanye mwema, mimi pia sikumuuliza. Alisema tu kwamba amerudi kwao. Akapata nafasi ndogo sokoni, karibu na mashine ya kusaga, akaanza kuuza unga wa mihogo. Jumamosi alifagia kanisa bila kuombwa. Jumapili alikaa benchi la mwisho, kwa sababu alifika amechelewa na nguo zake zilikuwa na unga.

Sasa mimi, maana bila mimi hadithi hii haieleweki. Nimefanya kazi ya reli miaka thelathini na minne, kumi na tisa kati yake nikiwa mkuu wa stesheni. Treni haikutoka Kamina bila karatasi yenye saini yangu. Injini ingeweza kuunguruma, abiria wakalia madirishani, mkubwa fulani akatishia kunifukuzisha kazi. Bila karatasi, wote walikaa. Nilipostaafu, ule mkono wa kutia saini ulitafuta pa kwenda, na ukaenda kanisani. Maombi ya Jumatano yalikuwa yangu tangu zamani, huu mwaka wa ishirini na mbili. Nina sauti. Nafunga Jumatatu na Alhamisi. Zaburi nazijua kwa namba. Na niseme wazi, kwa kuwa sina tena cha kulinda: katika miaka yote hiyo sikumwona mgonjwa hata mmoja akiinuka mbele yangu. Walipona, ndiyo, kama watu wanavyopona, kwa dawa na kwa siku kupita, na Jumapili nilisimama nikasema Bwana ametenda, watu wakajibu Amina. Ilinitosha. Ilinitosha kwa sababu hakukuwa na mwingine mwenye zaidi yangu.

Ilianza na akina mama. Mmoja alisimama kununua unga na mtoto mwenye homa mgongoni. Mwadi akamgusa mtoto kichwani, akasema neno, akaendelea kupima unga, na kabla mama hajalipa, mtoto akaomba chakula. Nilipoambiwa nilicheka. Juma lililofuata nikaambiwa habari ya mwanamke aliyekuwa hainui mkono tangu Pasaka, na sasa anatwanga. Sikucheka sana. Jumatano benchi zangu zilikuwa zinakaliwa na watu sitini. Wakawa arobaini. Wakawa ishirini na wawili, mmoja kwa kila mwaka wa kazi yangu.

Nikaanza kupita sokoni, mimi ambaye kununua unga niliona ni kazi ya wanawake. Nilisimama kwa fundi viatu nikijifanya nangoja kiatu, nikamtazama. Mwadi hakuomba kama watu wanavyoomba. Hafumbi macho. Hapandishi sauti. Mkono mmoja kwa mgonjwa, mwingine bado umeshika kopo la kupimia. Hataji hata kitabu na sura. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Nilijiuliza ni Mungu wa namna gani huyo, anayempita mtu wa kufunga siku mbili kwa juma ili aende kukaa kwenye magunia.

Kisha ikaja siku ya Lumbu. Lumbu alikuwa mashiniste, ndivyo tunavyomwita dereva wa treni hapa kwetu, na alikuwa rafiki yangu. Kiharusi kilimkamata akiwa mezani, kikamwachia miguu na mikono, kikachukua maneno. Miaka tisa hakutoa neno. Kila Jumatano alikaa benchi la kwanza, na kila Jumatano niliweka mikono yangu juu ya kichwa chake na kuomba hadi kanzu ikalowa. Lumbu alikuwa mgonjwa wangu. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyomhesabu moyoni: siku akifungua kinywa, itakuwa ni mimi.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, mke wake alikwenda naye kununua unga. Mwadi alikuwa ameingiza mikono yote miwili kwenye gunia. Alimwona Lumbu, akaitoa mikono ikiwa nyeupe vilevile, akamshika midomo, akasema: "Baba, ufungulie huyu mutu kinywa, amenyamaza ya kutosha." Hayo tu. Lumbu akakohoa, akasema: "Mama, unanijaza unga mu pua."

Nilikuwa pale kwa fundi viatu. Nilisikia makelele, nikakimbia na kiatu kimoja. Lumbu alikuwa amesimama katikati ya watu, midomo na ndevu nyeupe pepepe, hataki kujifuta ili kila mtu aone. Nilitoa kitambaa changu nikamfuta mimi mwenyewe, na kwa haraka ile unga ukaniingia mdomoni. Ulikuwa mchachu, na harufu ile ya mihogo iliyolowekwa ambayo kila mtu wa Kamina anaijua tangu tumboni mwa mama. Hilo mlishike. Niliuonja. Lumbu akanitazama, machozi yanamtoka, na neno lake la kwanza kwangu baada ya miaka tisa likawa hili:

"Kyungu, ndugu yangu, miaka kenda nilitaka kukuambia. Weye unaombaka murefu sana."

Watu walicheka. Yeye mwenyewe alicheka, hakuwa na ubaya, alikuwa mtu aliyelewa kwa furaha ya kusikia sauti yake. Mimi nilicheka nao, na moyo uliniuma kama umebanwa na mlango. Nilirudi nyumbani nikamtupia Masengo, mke wangu, kile kitambaa akifue.

"Nusa," nikamwambia. "Inanuka mihogo. Anapaka bantu unga, banasema ni Mungu."

Masengo alikinusa. "Na Lumbu? Anasema sasa?"

"Anasema."

"Basi," akasema, akaenda kuchota maji.

Kesho yake Pasta Jéthro aliniita nyumbani kwake, mimi na Mwenze, mzee mwenzangu wa kanisa. Pasta ni mtu msomi, mwenye adabu, hana hata miaka hamsini. Alitukaribisha vizuri, akakaa, akashindwa pa kuanzia. Mwishowe akasema: "Bazee, huyu mama anafanya mambo makubwa. Hatuwezi kukana, Lumbu anasema barabarani tangu jana, hanyamazi. Lakini tukiacha hivi, kila mutu atahamia kule ku soko. Juzi mugeni mumoja ameniuliza, kanisa ya yule mama wa unga iko wapi. Hakuuliza kanisa ya Pasta Jéthro." Nikajua kwamba ugonjwa wangu anao.

Ni Mwenze aliyepata dawa. Mwenze anatoka upande wa Bukama, husema polepole, kila neno akilipima. "Kule kwetu," akasema, "mutu mwenye kushika bagonjwa na mikono nyeupe, jina lake linajulikana."

Alimaanisha kilumbu. Kwetu sisi Baluba, kilumbu ni mganga anayeingiwa na roho za wafu, na kabla hajaanza kazi anajipaka pemba, ule udongo mweupe. Katika kanisa letu pemba ndiyo mpaka. Ulevi unasamehewa, ugomvi unasamehewa. Lakini aliyeshikwa na pemba anatolewa, hakai tena ndani na waumini, na hazikwi na kwaya, hadi apige magoti, akiri, na achome vifaa vyake mbele ya watu.

Na sote watatu tulijua kwamba Mwadi anauza unga. Juma lile lile, katika nyumba zetu zote tatu, tulikula bukari, ugali wetu, wa unga wake.

"Papa Kyungu," Pasta akasema, bila kunitazama, "weye njo mwenye kujua kuandika ripoti. Fanya uchunguzi."

Nilikubali kabla hajamaliza.

Jumapili nilikuwa na darasa la watu wazima, kama kawaida, na somo, Mungu anisamehe, sikulichagua, lilikuwa kwenye kitabu: Yohana, sura ya tisa, kipofu aliyepakwa tope machoni akaona. Nimelifundisha mara nane au tisa. Nilisoma jinsi Mafarisayo walivyomwita yule mtu, wakamhoji, wakawaita wazazi wake, wakamhoji tena, wakamtoa nje. Dany akainua mkono.

"Papa, kuna kitu sielewi. Walimwona yule muntu anaona. Wazazi wake walisema ni mutoto wao, alizaliwa kipofu. Sasa kwa nini walimkatala Yesu?"

Nikampa majibu yangu ya siku zote. Walingojea mfalme mwenye jeshi. Waliogopa Warumi. Tena ilikuwa siku ya Sabato, na sheria ni sheria. Dany aliandika yote, akasoma alichoandika, akasema taratibu: "Lakini walikuwa banaona, Papa." Nikamwambia saa imekwisha. Ilikuwa haijakwisha, zilibaki dakika kumi na tano.

Leo ningemjibu. Ningemwambia: Dany, mwanangu, wale watu nao walikuwa wanaomba. Walifunga mara mbili kwa juma. Walijua Maandiko kwa moyo, tangu utoto. Na sasa watu walikuwa wanawapita njiani, wenye wagonjwa wao kwenye vitanda, hata salamu hawatoi, wanakimbilia kwa fundi seremala wa Nazareti. Angekuwa mdanganyifu wangemcheka, wakaenda kula, wakalala. Kilichowaua ni kwamba ilikuwa kweli. Kila kipofu aliyefumbuliwa macho alikuwa ni mtu ambaye wao walimwombea miaka na hakuona. Nani anaweza kusamehe kitu kama hicho? Mimi sikuweza, na mwanamke mwenyewe alinipimia unga wangu bila kunipunja.

Tulimwita Lumbu Jumamosi. Nilikaa na kalamu, kama nilivyokaa miaka mingi nikiandika ajali za njiani: saa, mahali, mashahidi. Kwanza tulimuuliza mke wake. Yule mama alijua kwamba aliyesimama na mtu wa pemba, naye huzikwa bila kwaya. "Alikuwa hasemi, sasa anasema," alijibu. "Zaidi ya ile siyui. Yeye ni mutu mukubwa, mumuulize mwenyewe."

"Mikono ya Mwadi ilikuwa na rangi gani?" Mwenze akamuuliza Lumbu.

"Nyeupe."

"Nyeupe ya pemba?"

"Nyeupe ya unga, weye. Anauzaka unga, nini ingine?"

"Uliuonja?"

Lumbu aliguna. "Minyi nilikuwa bubu miaka kenda. Siku kinywa inafunguka, nilikuwa na kazi ya kuonja?"

"Basi hujui."

"Nilishawaambia mara tatu. Munataka nirudilie? Ao na nyinyi munataka akuye kuwashika midomo?"

Mwenze alisimama kwa hasira, akamwambia asitufundishe, yeye mtu wa juzi tu ambaye alikuwa hana hata ulimi. Lumbu akanigeukia mimi. "Kyungu, weye njo ulinipanguza. Waambie."

Kalamu ilikuwa mkononi. Niliandika: shahidi alipakwa kitu cheupe, shahidi hakukionja, shahidi hajui ni nini. Haikuwa uongo, neno kwa neno. Chini yake nikaandika: aliyeandika ripoti hii alifika baadaye, naye hakuweza kuhakikisha. Huo ndio ulikuwa uongo, mstari mmoja, mwandiko mzuri. Nikatia saini, na niliposaini nilisikia raha mwili mzima, ile raha ya kuzuia treni.

Jumapili niliisoma mbele ya kanisa lote. Nina sauti, nilishasema. Mwadi alisimama kule nyuma, akasikiliza hadi mwisho kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine. Pasta Jéthro akamwambia apige magoti, akiri, na alete vifaa vyake vichomwe, na hakuna atakayemtupa.

"Papa pasta," Mwadi akasema, "siko na kitu ya kuchoma. Iko tu mufuko ya unga. Niilete tuchome?"

Hakusema kwa dharau. Aliuliza kweli, angekubali kuuchoma. Kuna watu walianza kucheka wakaacha. Pasta akakunja uso, akatamka kwamba ametolewa, asiingie tena mlangoni, asimwombee mtu kwa jina la kanisa hili. Mwadi alichukua ufagio wake uliokuwa nyuma ya mlango, maana ulikuwa wake, akautazama, akaurudisha mahali pake, akatoka. Lumbu alitoka naye, akisema kwa sauti maneno ambayo sitayaandika. Jumatano iliyofuata nilikuwa na watu hamsini na tatu. Niliwahesabu mara mbili.

Ingeishia hapo, ningekuwa nimeshinda. Lakini mvua za kwanza zilipofika, miguu ya Masengo ilivimba. Tukaenda hospitali, wakampa vidonge, akameza. Mwezi wa kumi na moja hakuweza kusimama. Mwezi wa kwanza nilikuwa nambeba kama mtoto hadi chooni, mwanamke aliyenizalia watoto saba. Nilimwombea kila asubuhi. Niliomba kwa ufupi pia, nilijaribu hata hilo. Nilifunga siku tano mfululizo hadi nikaanguka jikoni.

Siku moja akaniambia, bila hasira: "Ambroise, enda umwite Mwadi."

"Masengo."

"Usiniambie Masengo. Unajua na minyi najua. Enda."

Nilikwenda mchana kweupe, soko limejaa, kwa sababu niliona kwamba nikienda kwa kujificha nitakuwa mbaya mara mbili. Nilisimama mbele ya magunia. Sikujua nianze wapi, nikasema tu: "Masengo anakuita."

Mwadi alifunika unga, akamwomba jirani aangalie mali yake, akachukua ndoo, akanawa mikono. Alinawa hadi viwikoni, akasugua kucha moja moja, akanawa tena. Kisha akaniletea viganja mbele ya macho, akavigeuza huku na huku. "Angalia, Papa Shefu. Haina kitu." Bado aliniita shefu, mkuu wa stesheni, nami nilitaka ardhi inimeze. Tulitembea pamoja hadi nyumbani, na njia nzima alibeba ile mikono mbele yake, mbali na nguo.

Alikaa kitandani kwa Masengo, wakasemezana kidogo habari za mvua na za watoto. Akamshika magoti. Aliyosema sikuyasikia, nilikuwa mlangoni. Alipotoka aliniaga kwa heshima, akarudi sokoni. Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi asubuhi nilisikia makaa yanamwagwa kwenye jiko la mbabula, nikatoka nje, nikamkuta Masengo amechuchumaa anapuliza moto. Akainuka mwenyewe bila kushika ukuta. Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Na sasa niandike hili, ndilo lililonifanya nichukue daftari. Nilipomwona mke wangu amesimama, kitu cha kwanza kilichoingia moyoni hakikuwa furaha. Furaha ilikuja, lakini ilikuja ya pili. Cha kwanza kilikuwa kile kile cha siku ya Lumbu: kwa nini yeye, kwa nini si mimi. Mke wangu mwenyewe, miguu yake mwenyewe, na mimi nilimwonea wivu mwanamke aliyenirudishia.

Masengo alinisoma. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, hakuna pa kujificha. Akasema: "Jumapili nitatoa ushuhuda. Weye utasema ile ya unga."

Jumapili akasimama katikati ya kanisa, na watu waliokuwa wanamtembelea kitandani wakashika vinywa. Akaeleza yote, nani alikuja, siku gani. Kisha akasema: "Na ile ya Lumbu haikukuwa pemba. Minyi njo nilifula kitambaa ya Ambroise. Ilikuwa unga ya mihogo, na yeye anajua, alionja."

Pasta Jéthro akanigeukia. Alikuwa amekonda usoni. "Papa Kyungu, ni kweli?"

Jibu lilikuwa neno moja tu. Mwadi alikuwa nje, kwenye dirisha la upande wa barabara, alikokuwa anasikiliza kila Jumapili tangu tulipomtoa. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingoja, kama anavyomngoja mteja anayetafuta chombo chake. Nikaona kwamba nikisema ndiyo, watamfungulia mlango, na atakaa benchi la kwanza, na mimi nitaishi miaka yangu iliyobaki nikitazama kisogo chake. Nikasikia sauti yangu ile nzuri ikisema:

"Mke wangu alikuwa anakunywa dawa za hospitali, Pasta. Na ugonjwa mrefu unachosha akili. Tumshukuru Mungu."

Pasta alishusha pumzi. Mwenze akasema Amina. Kwaya ikaanza. Masengo alinitazama, si kwa muda mrefu. Akachukua kitenge chake, akatoka kwa kupita katikati, kutoka mbele hadi mlangoni, kwa miguu yake miwili, na kanisa lote likamwona anavyotembea.

Alirudi jioni. Sijui alikuwa wapi, ila nguo yake ilikuwa na unga. Hajanitukana hata leo, na watu wakipita wanatukuta tumekaa pamoja. Jana nilimwambia ninaandika, akauliza tu kama nitampa Dany daftari. Bado siku kumi na nne sherehe ifike. Chakula anakipika, anakiweka mezani, anakaa mbele yangu kama zamani. Nafumba macho, nakunja mikono, naanza kuomba, na nasikia yeye ameshaanza kula.